Shungi la Simba wa Nyika ya Umasai

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, ikapanuliwa mwaka 1967 hadi kuuingiza Mlima Meru, na ndipo ilipopewa jina la sasa. Humo utaona mbega, nyati, twiga, na ukibahatika chui. Simba hutamwona, hana makazi humo. Lakini ukishuka mjini unamkuta kila kona: kwenye fulana, kwenye mabango ya kampuni za utalii, ubavuni mwa magari ya safari, kwenye meza za vinyago vya mpingo. Soko la Wamasai la Barabara ya Fire limejaa simba wa kila ukubwa, na karibu wote ni madume. Mtazame mchongaji akiwa kazini. Uso anaumaliza haraka. Kinachomchukua muda ni shungi, yale manyoya marefu ya kichwani na shingoni, anayoyachora kwa ncha ya patasi mstari baada ya mstari kutoka kwenye paji la uso hadi chini ya tumbo. Jike akiwekwa mezani hukaa mpaka vumbi limzoee. Mteja anataka manyoya.

Mchongaji huyo hayuko peke yake. Kwa zaidi ya miaka 100 wasomi wa Ulaya na Marekani nao walimtazama simba wa nchi hii wakaona manyoya tu, na kwa kuyatazama manyoya wakagawa simba wa Afrika katika koo na kabila chungu nzima. Mojawapo ya koo hizo ilizaliwa hapa hapa, kwenye nyika iliyo kusini mwa Arusha.

Mwaka 1893 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Oscar Neumann, aliondoka Tanga na msafara wa wapagazi, akapita katikati ya nyika ya Umasai kuelekea Manyara, Ziwa Viktoria na hatimaye Uganda. Alirudi kwao na shehena ya ndege na wanyama waliokaushwa. Miongoni mwao walikuwamo simba wa Kibaya, mji ambao leo ni makao makuu ya Wilaya ya Kiteto. Aliwachunguza, akawalinganisha na wale aliowajua kwa vitabu na makumbusho, na mwaka 1900 akatangaza kwamba simba wa Umasai ni wa aina yake. Akawaita Felis leo massaicus. Sifa alizoziorodhesha zinasomeka kama tangazo la mfugaji anayeuza mbegu bora: miguu mirefu kuliko ya simba wengine, mgongo usiopinda sana, vishungi vya manyoya kwenye magoti ya madume, na shungi ambalo halikujaa pande zote, limelala nyuma kana kwamba limechanwa kwa kitana. Mwaka huo huo aliwapa na simba wa upande wa Pwani jina lao, suahelicus. Kwa hiyo Waswahili walikuwa na simba wao kisayansi, ingawa sidhani kama kuna mtu Pangani au Bagamoyo aliyewahi kuarifiwa.

Miaka mitano baadaye wakaja Waswidi. Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu, aliongoza msafara wa mwaka 1905 na 1906 uliokusanya viumbe Kilimanjaro, Meru na katika nyika inayoizunguka milima hiyo miwili. Walikusanya kila kitu, kuanzia mchwa hadi tembo, na ripoti zao zikajaza vitabu vizito. Wanyama wanyonyeshao walikabidhiwa mwenzao Einar Lönnberg, na mwaka 1910 yeye naye akatoa jina jipya, sabakiensis, kwa kuwategemea madume wawili kutoka jirani na Kilimanjaro. Wawili tu. Simba wa Kibaya na simba wa Kilimanjaro wangeweza kukutana porini na kupigania jike mmoja bila kujua kwamba huko Berlin na Stockholm tayari walikuwa mataifa mawili.

Tusiwacheke mno, maana ndivyo kazi ilivyofanywa zama hizo. Mtaalamu wa makumbusho alipokea ngozi na fuvu, pengine na barua fupi ya mwindaji. Hakumwona mnyama akiwa hai, hakujua umri wake, wala hakujua kama alikufa akiwa ameshiba au baada ya miezi ya kiangazi. Shungi lilikuwa jambo la kwanza kuonekana mara ngozi ilipokunjuliwa sakafuni. Lile jeusi likapewa jina, jembamba likapewa jina, na lile lililofika tumboni likapewa jina. Ukijumlisha majina yote ya aina za simba yaliyowahi kuchapishwa tangu Linnaeus alipofungua orodha mwaka 1758, yanazidi 20.

Lipo moja ninalolipenda kuliko yote kwa ujasiri wake. Mfalme Menelik wa Uhabeshi alimpa Rais Theodore Roosevelt zawadi ya simba, naye akaishi katika bustani ya wanyama ya Washington. Mwaka 1913 Edmund Heller, aliyekuwa amefuatana na Roosevelt katika msafara wake mkubwa wa Afrika Mashariki, alimchukua simba huyo wa bustanini akamfanya kielelezo cha aina mpya, roosevelti. Mnyama aliyelishwa nyama ya buchani katika nchi ya theluji ndiye aliyepaswa kuwaonyesha walimwengu simba wa nyanda za juu za Uhabeshi wanavyofanana.

Aliyeitia shaka biashara hiyo mapema alikuwa ndani ya bustani hiyo hiyo. Ned Hollister, msimamizi wake, alikuwa na simba waliokamatwa wakiwa watoto huko Kenya na kupelekwa Washington na tajiri McMillan wa shamba la Juja. Makumbusho ya jirani nayo yalikuwa na mafuvu na ngozi za simba wa porini wa Kenya. Mwaka 1917 Hollister alichapisha ulinganisho wake. Wale wa bustanini walikuwa wametofautiana na ndugu zao wa porini kwa umbo la fuvu, kwa rangi, na kwa wingi wa manyoya. Mashungi yao yalikuwa marefu na ya giza. Damu ilikuwa moja. Kilichobadilika ni ubaridi, chakula na maisha ya kukaa bila kazi. Kama mtaalamu asiyejua habari zao angeletewa mafuvu hayo, bila shaka angetoa jina jipya. Kwa bahati mbaya makala ya Hollister haikuwazuia wengine, na mwaka 1924 mwenzao mmoja alitoa jina jingine tena, hollisteri, kwa heshima ya mtu yule yule aliyewaonya.

Hapa inafaa kumtazama paka wa nyumbani kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mambo ni yale yale. Paka wa manyoya marefu, wale wa Uajemi na wa Angora, waliifikia Ulaya katika karne ya 17. Msafiri wa Kiitaliano Pietro della Valle aliandika habari zao akiwa Uajemi karibu mwaka 1620. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba urefu wa manyoya yao unatokana na hitilafu katika jeni moja, FGF5, ambayo kazi yake ni kuuambia unywele uache kukua. Paka akirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, manyoya yake hurefuka mwili mzima, awe jike au dume, awe anaishi Arusha au Moscow. Huo ndio ukoo hasa: sifa inayopita kwenye damu na ambayo mfugaji anaweza kuichagua. Shungi la simba lina njia nyingine. Homoni ya kiume ndiyo inayoliotesha, kuanzia simba anapokaribia mwaka mmoja hadi anapotimiza minne au mitano, na simba aliyehasiwa hulipoteza. Urithi una sehemu yake, lakini hali ya hewa, afya, njaa na majeraha vyote huandika humo.

Wenyeji wa nyika walikuwa na hesabu yao tofauti kabisa. Kwa Wamasai simba, olng'atuny, alipimwa kwa ng'ombe aliowaua na kwa ujasiri wa kijana aliyethubutu kumkabili. Katika uwindaji wa kimila, Ala-mayo, morani walitoka kwa mikuki na ngao kumfuata dume. Jike aliachwa kwa kuwa ndiye anayezaa. Aliyetangulia kumchoma mkuki ndiye aliyepata shungi. Liliwambwa, likakaushwa, likafanywa kofia kubwa inayouzunguka uso, na morani akalivaa kwenye sherehe ili kila mtu amtambue kabla hajafungua kinywa. Kipindi cha umorani kilipokwisha, kofia nayo iliwekwa kando. Jambo la kuangalia ni kwamba Mmasai hakusema simba mwenye shungi kubwa ni wa kabila jingine la simba. Alisema ni simba mzima, wa makamo, mwenye nguvu, na kwa hiyo ni hatari. Sayansi ingefika hapo baadaye sana, na kwa gharama kubwa.

Serikali ya Wajerumani ilijenga Boma la Arusha mwaka 1900, mwaka ule ule wa jina la Neumann. Chini ya Waingereza mji ukawa kituo cha wawindaji: bunduki, mapipa ya petroli na wapishi walipatikana hapa kabla ya safari ya kuelekea Serengeti. Katika miaka ya 1920 na 1930 Ray Ulyate, mwenye hoteli ya New Arusha, alikuwa miongoni mwa walioanza kuwapeleka wageni kuwapiga simba picha badala ya risasi. Mbinu ilikuwa ya kuburuta mzoga wa pundamilia nyuma ya gari mpaka simba wajizoeze kufuata. Wageni walirudi na picha za madume wenye mashungi mazito, kwa kuwa hao ndio waliosubiriwa.

Wakati huo huo, upande wa pili wa Kilimanjaro, palikuwa na ushahidi ambao haukuingia kwenye picha hizo. Simba wawili walioitikisa kazi ya reli ya Uganda katika daraja la Tsavo mwaka 1898, na kuwaua vibarua wengi kabla ya John Henry Patterson kuwapiga risasi, wote walikuwa madume na wote hawakuwa na shungi. Patterson alizitumia ngozi zao kama mazulia mpaka mwaka 1924, alipoyauzia makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000. Bado wapo kwenye kioo, wembamba, shingo tupu, na mgeni asiyejua huwadhania majike. Tsavo ni tambarare ya joto na miiba. Ngorongoro, ambayo kutoka huko si mbali sana kwa ndege arukaye, sakafu ya kreta yake iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna ubaridi na nyama haikosekani, na simba wake wamejulikana siku zote kwa mashungi makubwa na ya giza. Mtaalamu wa zama za Neumann angewafanya koo mbili bila kufikiri mara mbili.

Kisha kreta hiyo ikapatwa na msiba. Mwaka 1962, baada ya mvua zisizo za kawaida, kulizuka inzi wa kuuma waitwao Stomoxys, wakawavamia simba mchana na usiku. Simba walijaa vidonda, wakashindwa kuwinda, wengine wakapanda miti, wengine wakajificha kwenye mashimo ya fisi. Msimamizi wa Ngorongoro wakati huo alikuwa Henry Fosbrooke, mtu ambaye baadaye alistaafu akaishi kando ya Ziwa Duluti, hapa Arusha, na ndiye aliyeyaandika hayo. Kati ya simba wapatao 60 hadi 75 walibaki kama 10, dume akiwa mmoja. Miaka michache baadaye madume saba wakaingia kutoka nje ya kreta, na simba karibu wote walioonekana huko tangu hapo ni uzao wa hao wachache. Sasa angalia: madume hao walikuwa wageni, na uzao wao uliokulia kreta ukawa na mashungi ya kreta.

Ili kujua shungi ni la nini hasa, ilibidi mtu akae na simba miaka mingi bila kuwaua. Kazi hiyo ilianza Serengeti mwaka 1966 kwa George Schaller. Walimfuata Brian Bertram, halafu David Bygott na Jeannette Hanby, na mwaka 1978 Craig Packer na Anne Pusey. Simba walitambuliwa mmoja mmoja kwa vidoa vya mahali masharubu yanapoota, mpangilio ambao haulingani kwa simba wawili, na kwa mikwaruzo ya masikio. Kila mmoja alikuwa na kadi yake: kazaliwa lini, mama yake nani, kajeruhiwa wapi, kafa lini. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuchukua picha ya shungi la simba fulani na kuiweka kando ya maisha yake yote. Neumann hakuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo.

Dhana kuu ya wakati huo ilikuwa ya Charles Darwin, aliyesema mwaka 1871 kwamba shungi ni ngao ya shingo madume wanapopigana. Peyton West, mwanafunzi wa Packer, aliipima. Alipitia kumbukumbu za majeraha na hakukuta kwamba sehemu iliyofunikwa na manyoya inalengwa zaidi ya nyingine, au kwamba jeraha la hapo linaua kuliko la mgongoni. Ikabidi kuuliza swali jingine: simba wenyewe wanaliona vipi shungi?

Jibu lilitafutwa kwa wanasesere. Kampuni moja ya Uholanzi iliwashonea simba wanne wa ukubwa halisi, wenye mashungi yanayovuliwa na kubadilishwa: refu jeusi, refu la rangi ya mwanga, fupi jeusi, fupi la rangi ya mwanga. Wakapewa majina: Romeo, Fabio, Julio na Lothario. Watafiti waliwasimamisha wawili wawili kwenye nyasi za Serengeti, wakawasha kipaza sauti chenye kelele za fisi walioangukia mzoga, wakarudi garini kusubiri. Simba wa kweli hawawezi kuisikia sauti hiyo wakatulia. Walikuja, wakasimama ghafla, wakawatazama wageni. Majike, walipokuwa na nafasi ya kuchagua, walimwendea mwenye shungi jeusi, urefu haukuwashughulisha. Madume walifanya hesabu ya kijeshi: walimkwepa mwenye shungi refu na mwenye shungi jeusi, wakamsogelea yule mwepesi. Ninapofikiria dume wa Serengeti akinyata kumkabili mwanasesere aliyejazwa sufi, huwa namwonea huruma kidogo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Science, yakiambatana na takwimu za miaka mingi. Weusi wa shungi ulikwenda sambamba na umri, lishe na kiwango cha testosteroni. Madume weusi walipona majeraha mara nyingi zaidi, na watoto wao waliishi zaidi kwa kuwa baba hakufukuzwa mapema. Lakini sifa hiyo ina bei yake. Kwa kamera ya kupima joto ilionekana kwamba simba mwenye shungi jeusi mwili wake hupata moto zaidi, mbegu zake nyingi zaidi huwa na kasoro, na miezi ya joto hula kidogo. Ni kama mtu aliyelazimika kuvaa koti la Julai ya Arusha mwezi Februari akiwa Dodoma. Anayeweza kulivaa na bado akatembea, ana nguvu za ziada, na majirani wote wanamwona.

Mambo ya Tsavo na Ngorongoro yakaeleweka kwa mkupuo mmoja. Penye joto kali koti halivaliki. Penye baridi ni rahisi kulibeba. Mwaka 2006 Bruce Patterson wa makumbusho ya Chicago na wenzake walipima simba wa bustani za wanyama za Marekani, kuanzia majimbo ya joto hadi ya theluji, wakakuta kwamba ubaridi unaeleza hadi karibu nusu ya tofauti za urefu na unene wa mashungi. Hollister alikuwa amelisema hilo miaka 89 kabla, bila kompyuta.

Majina yenyewe yalidumu kwenye vitabu vya safari na kwenye vibao vya bustani za wanyama mpaka wataalamu wa vinasaba walipofika. Mwaka 2017 kikosi cha wanasayansi wa paka wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kilipitia aina zote za paka duniani na kuwagawa simba katika nususpishi mbili tu: wa kaskazini, wakiwamo wa Afrika Magharibi na Kati pamoja na wale wa India, na wa kusini na mashariki mwa Afrika. Massaicus ya Kibaya, sabakiensis ya Kilimanjaro, suahelicus ya Pwani, roosevelti na hollisteri, zote zilifutwa mara moja. Simba wa Tanzania sasa wanaitwa Panthera leo melanochaita, jina lililotolewa mwaka 1842 kwa simba wa Rasi ya Tumaini Jema, ambao walisifika kwa mashungi meusi na waliokwisha kabisa katika karne ile ile ya 19. Sheria ya majina inasema la zamani zaidi ndilo linaloshinda. Basi simba wa Tsavo asiye na unywele shingoni anatumia jina la simba wa shungi jeusi, na wa Kibaya vilevile.

Watu hawakuacha kuyapenda manyoya kwa sababu ya uamuzi huo. Simba maarufu wa Serengeti wa miaka ya karibuni wengi ni weusi wa shungi. C-Boy, aliyeshambuliwa na madume watatu mwaka 2009 akanusurika, alijulikana dunia nzima mwaka 2013 kupitia picha za National Geographic, akaishi hadi 2018. Bob Junior alitawala eneo lake kwa miaka kama saba, madereva wa Arusha wakimtafuta kwa redio za magari kila asubuhi, hadi Machi 2023 alipouawa na madume vijana. Magazeti yalimwandika kama mkuu wa nchi aliyepinduliwa. Katika picha zake za mwisho shungi lake bado lilikuwa zito.

Nyika ya Neumann, kwa upande wake, haina simba wa kwenye magazeti. Kuanzia Simanjiro hadi Kiteto simba wanaishi katikati ya mifugo, na maisha yao yanategemea zaidi uzio kuliko rangi ya manyoya. Dennis Ikanda wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, yenye makao yake Arusha, alichunguza mauaji ya simba Ngorongoro na mwaka 2008 pamoja na Packer akatenganisha ya kimila, Ala-mayo, na yale ya kulipiza kisasi cha ng'ombe, olkiyioi. Bernard Kissui alifanya utafiti wa jinsi hiyo katika nyika ya Umasai upande wa Tarangire, akaonyesha kwamba simba ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu fisi na chui hula wakatoroka usiku ilhali simba hubaki na mzoga hadi mchana, mikuki ikimkuta hapo. Huko Simanjiro wafugaji walianza kuzungushia maboma yao waya wa seng'enge unaoshikiliwa na miti iliyo hai, ambayo mwaka baada ya mwaka inanenepa na kuufanya uzio kuwa imara zaidi. Ni kazi isiyo na picha nzuri. Inaokoa simba kuliko mabango mengi.

Shungi limebaki na nguvu kamili mahali pamoja: kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii. Mteja anayelipa maelfu ya dola anataka nyara ya kutundika ukutani, na nyara ya simba ni shungi lake. Tatizo ni kwamba shungi linaweza kuwa zuri kabla ya mwenye nalo kumaliza kazi ya kulea. Dume mwenye kundi akiuawa akiwa na miaka minne, madume wengine huingia na kuua watoto wake wote wachanga ili majike wawapokee. Mwaka 2004 Packer na wenzake walichapisha hesabu katika jarida la Nature wakionyesha kwamba madhara hayo hupungua sana ikiwa hawindwi dume yeyote asiyefikisha miaka mitano au sita, wakapendekeza mwindaji atazame pua badala ya shungi: ya kijana ni ya waridi, ya mzee imejaa madoa meusi. Tanzania iliingiza kiwango cha miaka sita katika kanuni za uwindaji za mwaka 2010, pamoja na adhabu kwa anayepiga simba mchanga.

Pua nayo hubishaniwa. Kwa hiyo nyara ikishafikishwa kwa wakaguzi, picha za shungi huwekwa kando na taya hufunguliwa. Jino la pembeni, lililo nyuma ya chonge, hupigwa eksirei. Uwazi wa ndani wa jino la simba mchanga ni mpana, na hujibana kadiri miaka inavyokwenda. Mkaguzi hupima uwazi, hupima jino zima, hugawanya, kisha huandika umri kwenye fomu.